Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: hesabuni na siku zetu za kazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo. Nakala kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, na wakurugenzi wa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini.

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mbozi, mkoani Songwe. Mimi ni mama wa shamba. Nalima mahindi na maharage, na nina miche ya kahawa niliyoachiwa na wazazi. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, wala haliwezi kumalizwa na ofisi moja. Kila mwaka tunasikia hotuba za tani zilizovunwa, mifuko ya mbolea iliyogawiwa na hekta zilizolimwa. Hatusikii gunia moja la mahindi limekula siku ngapi za kazi, na siku hizo zilikuwa za nani. Kwangu mimi, faida ya mkulima mdogo inapotelea hapo.

Nianze kwa kutenda haki. Bajeti ya Wizara yako ilikuwa Sh bilioni 294 mwaka 2021/2022. Mwaka uliofuata ikapanda hadi bilioni 954, na kufikia 2024/2025 ikavuka trilioni moja. Agosti 8, 2022, katika Nane Nane ya Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliokuwa umepita Sh 120,000 ukaanza kuuzwa 70,000. Msimu ule wa kwanza foleni zilikuwa ndefu na mawakala walikuwa mbali na vijiji vingi. Hata hivyo mbolea ilirudi katika mashamba ya watu waliokuwa wameshaiacha. Mwaka huohuo maafisa ugani wakapewa pikipiki na vifaa vya kupima udongo. Hayo yote tumeyaona na tunashukuru.

Lakini mbolea haichagui mmea wa kulisha. Inalisha mahindi na inalisha majani. Shamba lililowekwa mbolea ya kupandia likakosa palizi ya wakati linaotesha magugu yenye afya kuliko mahindi yenyewe. Mahindi yanataka shamba safi katika wiki sita za mwanzo, na hatari kubwa huanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota. Yakisongwa kipindi hicho, palizi ya mwezi wa pili inasafisha shamba tu, hairudishi gunia lililokwisha kupotea. Hili maafisa ugani wanalifundisha, na sisi wenyewe tunalijua kwa macho. Tunaposhindwa kupalilia kwa wakati, sababu si ujinga. Mikono haitoshi.

Angalia kalenda ya huku kwetu. Mvua zinashika kuanzia Novemba. Kila mtu anataka kulima na kupanda ndani ya wiki chache, na wenye maksai au trekta wanahudumia kwa zamu, kwa hiyo asiye na chombo anapanda akiwa ameshachelewa. Kufika mwishoni mwa Desemba na Januari mahindi yanadai palizi, maharage yanadai palizi, kahawa nayo inadai. Ndio wakati ghala la nyumbani limepungua, na ndio wakati shule zinafunguliwa watoto wanahitaji sare, madaftari na michango. Mama ambaye unga umemwishia hawezi kushinda shambani kwake. Anakwenda kupalilia ngwe za mtu mwenye uwezo ili alipwe fedha au debe la mahindi, na jioni akirudi mwanga wa kufanya chake haupo tena. Shamba la aliyemwajiri linapaliliwa kwa wakati, la kwake linasubiri. Mwezi wa sita tukivuna, watu wanasema yule ni mvivu au hana bahati. Ameuza wiki zake za palizi ili familia ile.

Hapo ndipo ruzuku inapopotea, Mheshimiwa. Serikali inalipia sehemu ya mfuko, mkulima analipia iliyobaki kwa shida, halafu sehemu kubwa ya mbolea inaliwa na majani kwa sababu katika wiki mbili za maana palikosekana mtu wa kushika jembe.

Niruhusu nipige hesabu moja kwa namba za kukadiria. Wastani wa mahindi nchini kwa miaka mingi umekuwa chini ya tani mbili kwa hekta, yaani kama gunia saba au nane kwa ekari. Tuseme mtu amepata gunia nane na ameuza Sh 50,000 kila moja. Ana 400,000. Toa mifuko miwili ya mbolea ya ruzuku, 140,000. Toa mbegu pamoja na dawa ya viwavijeshi vamizi, tuseme 80,000. Toa magunia na usafiri, 20,000. Zimebaki 160,000. Sasa weka siku za kulima kwa mkono, kupanda, kuweka mbolea mara mbili, kupalilia mara mbili, kuvuna, kubeba, kupukuchua, kuanika na kupepeta. Kwa ekari moja ya jembe la mkono siku 50 za mtu mmoja si nyingi. Gawanya: ni Sh 3,200 kwa siku. Tukisema kibarua analipwa 5,000, basi mwenye shamba amefanya kazi kwa ujira ulio chini ya ule anaomlipa mtu mwingine, na bado mvua ikikata hasara ni yake. Bei ikipanda kidogo hesabu inabadilika kidogo. Zikipungua siku zile 50 hadi 25, inabadilika sana, hata kabla bei haijaguswa.

Ndiyo maana vijana wetu wanaondoka. Hawaichukii ardhi. Wamepiga hesabu hii kichwani, wakaona bodaboda ya Tunduma inalipa kila jioni.

Mwaka 2015, katika mkutano wa Umoja wa Afrika uliofanyika Johannesburg, Mwenyekiti wa Kamisheni wakati huo, Nkosazana Dlamini-Zuma, aliongoza wito kwamba jembe la mkono lipelekwe makumbusho ifikapo 2025. Mwaka huo umepita na jembe lipo mlangoni kwangu. Sisi nasi tumekuwa na miito yetu: Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo Kwanza mwaka 2009 iliyotuletea pawatila, zile trekta ndogo za kushikwa mkono, wilayani, halafu matrekta ya mikopo na yaliyounganishwa Kibaha. Kila awamu iliacha vyombo vilivyofanya kazi na vingine vilivyokufa kwa kukosa spea na fundi. Siwezi kuyasimulia yote hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba karibu kila mara tulipoambiwa zana, tuliletewa zana za kulima, na kwa kulima nina maana ya kukatua udongo peke yake.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliwahi kukadiria kwamba familia inayotegemea nguvu za mikono inaweza kulima hekta 1.5 kwa mwaka, yenye wanyamakazi hekta 4, na inayopata trekta zaidi ya hekta 8. Ukisoma namba hizo ukiwa ofisini, ni habari njema. Ukizisoma ukiwa mwanamke wa Mbozi, swali la kwanza ni: hizo hekta nane atazipalilia nani? Trekta likipita asubuhi moja linafungua shamba kubwa, mwenye nyumba anafurahi, kisha linaondoka. Kuanzia hapo kupanda ni mkono, palizi ni mkono, kuvuna ni mkono, na kwa mila zetu mikono hiyo zaidi ni ya wanawake na watoto. Zana ya kulima ikija bila ya kupalilia, kazi inahama kutoka kwa baba kwenda kwa mama na inaongezeka njiani. Nasikia mipango ya vituo vya kukodisha matrekta kwa bei nafuu. Vije. Lakini kituo kitakachokuwa na majembe ya kulimia tu kitatuongezea eneo na kutupunguzia mavuno kwa kila siku ya kazi.

Sasa niseme tunachotaka kwenye palizi, maana ndiko naona faida ya haraka kuliko kwingine kote.

Mbozi na Momba si mahali pa kufundishwa maksai. Plau zipo, ng'ombe wapo, vijana wa kuwaswaga wapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mradi wa wanyamakazi mkoani Mbeya, sisi tukiwa bado ndani ya mkoa huo, kwa msaada wa Kanada. Wazee wanaoujua ule mradi watakwambia kwamba ng'ombe anaweza kupalilia, si kulima tu. Jozi moja ya maksai waliozoea, ikiwa na jembe la kupalilia, inaweza kumaliza ekari kwa siku, wakabaki watu wachache wa kung'oa majani yaliyosimama ndani ya mstari. Kwa mkono, ekari ileile ikishakamatwa na majani ni watu wawili wiki nzima. Lakini nenda Mlowo au Vwawa ukatafute dukani jembe la kupalilia la maksai. Plau utaipata, ulimi wake utaupata. La kupalilia utaambiwa uagize, na bei yake mtu wa ekari mbili haiwezi.

Ombi letu hapo ni dogo. Tumeshasajiliwa kwenye mfumo wa ruzuku ya mbolea na taarifa zetu mnazo. Tumieni mfumo huohuo kumpa mkulima, au watu watano wanaochangia maksai, ruzuku ya jembe la kupalilia na kipandio cha kukokotwa. Mfuko wa mbolea unaisha msimu huo. Jembe la chuma likitunzwa linamaliza miaka. Na yasiagizwe yote kutoka nje: CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo, ipo Arusha tangu 1981 kwa kazi hiyohiyo, SIDO ya viwanda vidogo ipo, vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha uchomeleaji. Fundi wa Mlowo akifundishwa na kupewa michoro na chuma kinachofaa, spea zitakuwepo Januari zinapohitajika.

Kipandio nimekitaja kwa sababu palizi ya maksai haiwezekani kwenye shamba lililopandwa ovyo. Mistari lazima iwe sawa, sentimita 75 au 90 kati ya mstari na mstari, na ng'ombe apite bila kukanyaga. Wenzetu wa Zambia, hatua chache kutoka Tunduma, wana jembe la kuchana mstari tu bila kugeuza shamba zima, lile la Magoye. Linamwezesha mtu kuandaa mistari mapema na kupanda mvua ya kwanza ikinyesha, bila kungoja zamu ya plau. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, wanalijua. Lingekuwa vijijini tungelijua na sisi.

Halafu kuna maksai mwenyewe. Hapa namgeukia Waziri wa Mifugo na Uvuvi, kwa heshima. Tangu wizara zenu zitenganishwe mwaka 2017, naona ng'ombe wa kazi amekosa mwenyewe. Kilimo wakihesabu zana wanahesabu matrekta na pawatila. Mifugo wakihesabu ng'ombe wanahesabu nyama, maziwa na ngozi. Ng'ombe anayelima hayumo kwenye hesabu ya yeyote, ilhali akifa kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe, mwezi wa kumi na moja familia imepoteza trekta lake mwanzoni mwa msimu. Josho lisilo na dawa mwezi Septemba na Oktoba linatuumiza mara mbili. Chanjo ya ndigana kali ipo. Tunaomba maksai wawe wa kwanza kuchanjwa na kuogeshwa kabla ya mvua, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa gharama ya kilimo.

Wapo watakaoniambia: mama, hayo ya ng'ombe yamepitwa, nunua dawa ya majani. Naitumia, kwa baadhi ya mashamba. Inaokoa siku nyingi, sitaki kulikana hilo. Lakini nyanda hizi tunachanganya mahindi na maharage, na dawa nyingi za kuua majani kwenye mahindi, zile za atrazine hasa, zinaua na maharage. Maharage ndiyo mboga ya nyumba na mara nyingi ndiyo fedha ya mama, isiyosubiri baba auze mahindi. Mume akinunua dawa bila kuulizana, ameokoa jasho lake na kuua fedha ya mke. Zaidi ya hapo, tunanunua chupa yenye maandishi madogo ya Kiingereza, bomba la kupulizia linavuja mgongoni, na nguo tulizopulizia tunafua kwenye beseni la nguo za watoto. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo kwa sheria ya mwaka 2020. Tunaiomba isimamie lebo za Kiswahili zinazosema waziwazi kama dawa inaua maharage, ikamate dawa feki, na kila kata iwe na wapuliziaji wachache waliofunzwa na wenye mavazi ya kinga, wanaokodishwa kwa ekari. Kijana mwenye bomba zuri na mafunzo amepata ajira, na sisi tumepona sumu.

Baada ya palizi, siku nyingine nyingi zinakwenda kwenye kupukuchua na kukausha, na huku hasara ni ya aina mbili kwa pamoja. Wengi bado wanajaza mahindi kwenye magunia au wanayarundika juu ya kichanja na kuyapiga kwa fimbo. Inachosha na inavunja punje. Punje iliyovunjika inampa dumuzi mlango. Mdudu huyu aliingia kwetu kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na hajaondoka. Punje iliyovunjika na yenye unyevu pia inaalika sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na bei ikatetereka hata kwetu ambao hatukuwa tukiuza Kenya. Kazi mbaya ya kupukuchua kijijini inaweza kufunga mpaka wa nchi.

Mashine za kupukuchua zipo, zinazunguka na pawatila zikitoza kwa gunia. Zinapofika, kazi ya wiki inaisha kabla ya mchana. Tatizo ni kwamba ziko chache, zinakwenda kwa wenye magunia mengi kwanza, na barabara za ndani zikiharibika hazifiki kabisa. Na hata ukipukuchua vizuri, bado hujui unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka usizidi asilimia 13.5. Sisi tunapima kwa meno na kwa kutikisa punje mkononi. Mtu anakodi gari, anapeleka gunia 15 kituo cha ununuzi, kifaa kinasoma 15, anaambiwa akaanike. Hapo ana mambo mawili: kulipia turubai, vibarua na siku za kukaa mjini, au kumuuzia dalali aliyesimama nje ya geti kwa bei yoyote atakayoitaja. Nimeshuhudia watu wazima wakitokwa machozi kwenye geti la namna hiyo.

Vihenge vya kisasa vimejengwa Mbozi na mikoa mingine kwa mkopo kutoka Poland, na ni kazi nzuri. Lakini kihenge cha maelfu ya tani kinaanza na kifaa cha kupimia unyevu kinachoshikwa mkononi. Kila ofisi ya kijiji inayokusanya ushuru wa mazao iwe nacho, pamoja na turubai za kukodisha. Mkulima apimiwe kabla hajakodi gari, apewe karatasi, na kituo kiiheshimu kwa kupima sampuli tu. Sioni jambo lingine kwenye barua hii lenye gharama ndogo na nafuu kubwa kama hili.

Kuhusu lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, sitasema mengi kwa kuwa yamesemwa sana. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na debe lake lililopanuliwa chini, anataka debe saba kwa bei ya gunia, na asiyekubali anaachwa barabarani. Naomba tu liangaliwe kwa hesabu ile ya siku. Kwa gunia nane, debe moja la ziada kwa kila gunia ni debe nane. Hilo ni zaidi ya gunia zima, na kwa mfano wangu wa ekari moja gunia moja ni siku sita za kazi ya mtu. Tukiibiwa debe tunaibiwa palizi. Mizani iwe sokoni na kwenye kila mnada wa kijiji, na atakayenunua bila mizani wilayani kwetu asipewe kibali cha kusafirisha mzigo.

Mheshimiwa, ushahidi kwamba haya yanawezekana upo hapahapa Mbozi, kwenye kahawa. Zamani kila nyumba ilimenya kahawa yake kwa mashine ya mkono, usiku, kwa maji ya kubeba kichwani, na kila mmoja alitoka na kahawa ya aina yake. Vikundi vilipoanza kutumia CPU, mitambo ya pamoja ya kumenya na kuosha, mkulima akawa anachuma kahawa iliyoiva, anapima, anaandikiwa, anarudi nyumbani. Siku zikapungua na ubora ukapanda kwa wakati mmoja, na kahawa iliyopita CPU kwa kawaida inapata bei nzuri kuliko ya nyumbani. Mahindi yanalimwa na watu wengi zaidi ya kahawa lakini hayana chochote cha namna hiyo. Tunaomba kituo cha mahindi kwenye kila kata inayozalisha sana: mashine ya kupukuchua, sakafu ya kuanikia, kifaa cha unyevu, mizani, na chumba cha kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kiendeshwe na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kikundi, kitoze kwa gunia, kijilipe. Kikiwepo, stakabadhi ghalani, yaani kuweka mazao ghalani na kupewa hati, ambayo kwa mahindi imekuwa hadithi, itapata mahali pa kushika, kwa sababu patakuwa na mzigo uliopimwa, mkavu, wenye daraja linalojulikana. Mkulima apewe sehemu ya fedha siku anayoleta, ili asilazimike kuuza Julai bei ikiwa chini kabisa.

Fedha za kuanzia si lazima zitoke mbali. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ndugu wakurugenzi, mikopo hiyo mara nyingi imepangiwa marejesho ya kila mwezi, na mkulima wa mahindi hana mwezi, ana msimu. Kikundi cha akina mama kikikopa mashine ya kupukuchua Machi, kianze kulipa Agosti baada ya kuitumia, si Aprili wakati haijafanya kazi. Badilisheni ratiba hiyo. Na ushuru wa mazao, uliopunguzwa mwaka 2017 hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na kusamehe mzigo usiofika tani moja, utozwe hivyohivyo barabarani, kwa sababu bado kuna mageti yanayomsimamisha mtu mwenye gunia nne kwenye mkokoteni.

Msifunge mipaka ghafla tena kama mwaka 2017, tulipozuiwa kuuza nje wakati maghala yamejaa. Hilo nalitaja kwa sentensi moja kwa kuwa mnalijua.

Nimeacha mwisho maji, ambayo huenda mkaona si ya kilimo. Ni ya kilimo. Mama anayetumia asubuhi kufuata maji anaingia shambani jua likiwa juu. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakisogeza bomba kabla ya Desemba wamenipa saa mbili za palizi kila siku, na hakuna zana nyingine inayonipa hizo bila mafuta wala spea.

Haya yote yanahitaji kuhesabiwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilifanya sensa ya kilimo ya 2019/2020 na inafanya tafiti za sampuli za kilimo. Tunaomba, kuanzia msimu ujao, Wizara itoe kwa kila mkoa siku za kazi kwa gunia, zikitenganishwa za wanaume na za wanawake, na pato la mkulima kwa siku moja ya kazi. Pato hilo lisomwe bungeni sambamba na tani. Likipanda tutajua tunakwenda mbele. Likishuka huku tani zikiongezeka, Wizara ijue kwamba mavuno yale yamelipiwa na migongo ya watu.

Kikundi chetu cha wakulima kiko tayari kuanza bila kusubiri mpango mkubwa. Tutatoa mashamba ya majaribio yaliyopandwa kwa mistari, maksai, na watu wa kuandika siku za kazi kila jioni kwa msimu mzima, upande mmoja ukipaliliwa kwa mkono na mwingine kwa ng'ombe, mbolea ikiwa sawa pande zote. Tunaomba TARI Uyole watupe mtaalamu wa kusimamia, halmashauri itupe majembe manne ya kupalilia na kifaa kimoja cha unyevu, na afisa ugani wa kata apangiwe kufika palizi ya kwanza. Mvua za kupandia zinashika Novemba, na maksai wanahitaji kama miezi miwili kuzoea jembe jipya. Kwa hiyo vifaa vikifika baada ya Septemba tutakuwa tumepoteza msimu, na tutaomba jibu lako mapema kabla ya hapo, hata likiwa la hapana, ili tujue kama tuchange wenyewe tuagize japo moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa mahindi na maharage,
Mbozi, Songwe.